Ratiba ya Auburn

Kila mwaka mwanzoni mwa Machi, Sydney hurudia ujanja uleule. Mchana joto bado lipo, shati linaganda mgongoni ukiwa kituoni unasubiri treni, halafu asubuhi moja unatoka kwenda kazini, unashika kitasa cha gari na kukikuta cha baridi. Ujue majira yamegeuka. Wenyeji husema majani yameanza kupukutika, ingawa mitaani kwetu, magharibi ya jiji, unaweza kutembea saa nzima usione jani lililoanguka. Mikalitusi, miti ya nchi hii hasa, haipukutishi majani kwa amri ya kalenda. Inayopukutisha ni ile iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Kwa hiyo haya ni majira ya miti iliyohamia, na huenda ndiyo sababu hunishika na mimi kila yanapofika.

Hunikumbusha safari moja tu. Mwaka ule mwezi wa Ramadhani uliangukia Machi, nami nilimpeleka mama mdogo Adelaide kwa gari.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama. Siku hizo alikuwa akikaa Guildford, kwenye fleti ya chumba kimoja karibu na reli, na mimi Auburn, vituo vichache tu vya treni. Kila Jumamosi nilikwenda kwake kumjulia hali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema. Ukweli ni kwamba nilikwenda kula. Mwanamume wa miaka hamsini, aliyeachika, mwenye shahada ya jiografia, anapanda treni kwenda kulishwa wali wa nazi na mama wa miaka sabini, kisha anarudi na bakuli la plastiki mkononi. Shahada yenyewe nayo ilikuwa imenifaa sana Australia. Ilinipatia kazi ghalani, kupanga maboksi kulingana na majimbo yanakokwenda.

Alikuwa na binti mmoja tu, na walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne. Binti alikuwa ameolewa Adelaide na kijana wa Kikongo kutoka Bukavu, anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee. Kijana alisilimu kabla ya ndoa. Mama mdogo akasema kusilimu kwa ajili ya mke si kusilimu, akakataa kwenda harusini, na kwenye simu akamwambia binti neno moja ambalo sikulijua mpaka safari ile. Nililijua lililofuata tu: simu ilikatwa, na namba haikupigwa tena na upande wowote.

Halafu, siku chache kabla ya mwezi kuandama, mkwe akampigia. Mimi nilikuwepo, maana ilikuwa Jumamosi.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chao cha kule, "mutoto wako iko na mimba mukubwa. Hapa hana mutu. Ukuye."

"Yeye mwenyewe kasema nije?"

"Yeye hajue kama nakupigia. Ukifika atakuona."

Mama mdogo akaniangalia, mimi nikaangalia wali. Kwetu pwani, binti akikaribia kuzaa mama yake hutangulia kufika. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anayemfunga mkaja tumboni, anayempikia uji wa pilipili manga mpaka arubaini iishe. Mzazi asiye na mama huazima shangazi. Binti huyu hakuwa na wa kuazima. Lakini kufika bila kuitwa na mwenye nyumba, baada ya miaka minne, ni jambo jingine. Mlango ungeweza kufunguliwa, na ungeweza kubaki umefungwa.

"Utanipeleka," akasema.

Nikataja ndege: kama saa mbili. Siku aliposhuka kwenye ndege iliyomleta Sydney alikuwa ameapa kwamba hatapanda nyingine ila ile ya kumrudisha nyumbani kuzikwa. Mama mdogo alikuwa mwepesi wa kuapa, na akishaapa harudi nyuma. Basi ikawa gari langu, kilomita elfu moja na mia nne, siku mbili, kulala njiani mji wa Hay.

Kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo, kazi ya kupanga njia ikawa yangu. Nilichora, nikapima, nikatazama utabiri wa hali ya hewa wa Sydney. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, avae nguo nyepesi kwa sababu bado joto.

Tuliondoka Guildford baada ya sala ya alfajiri, mvua ikimwagika. Mvua ya Machi ya Sydney haina tofauti na ya Tanga: ya vuguvugu, inakulowesha bila kukukosea heshima. Mama mdogo alikaa mbele, buibui jepesi, kandambili miguuni, kikapu mapajani, hataki mtu ampokee. Ndani yake mlikuwa na pilipili manga, tangawizi kavu, leso mpya mbili na ndimu za mndimu wake wa kwenye kopo kibarazani. Alikuwa akivuta uradi.

Saa mbili baadaye tulikuwa tumepanda nyanda za juu, na mvua ikageuka ukungu. Nilisimama Goulburn kutia mafuta. Akafungua mlango, akaweka unyayo mmoja chini, akaurudisha ndani.

"Hapa pana nini?"

"Baridi, mama mdogo. Tumepanda juu."

"Juu gani? Mbona sikuona mlima?"

"Ni mpando wa polepole."

"Na hii si Machi?"

"Ni Machi."

"Ile ya joto, uliyonambia nivae nguo nyepesi?"

Nikamvua lawama hiyo mdomoni kwa kumvika koti langu, nikabaki na shati, nikitetemeka mbele ya pampu kama kuku aliyenyonyolewa. Nikaenda dukani nikarudi na kikombe cha chai ya moto. Nilikuwa na hoja. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na yeye alikuwa msafiri, mzee, na meno yanagongana.

Hakukipokea. "Nimeweka nadhiri," akasema. "Njia yote hii nitaifunga. Sichukui ruhusa ya msafiri hata tone. Nikimfikia mwanangu nimefunga, Mungu atalainisha moyo wake."

"Na usipo..."

"Nitafika nimefunga," akakata.

Ile chai niliimwaga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kimoyomoyo kuichukua ruhusa hiyo kuanzia Goulburn, na mkate wa nyama nilikuwa nimeshauona kwenye kabati la kioo. Lakini utakulaje mkate wa nyama kando ya ajuza anayetetemeka kwa nadhiri? Nikafunga safari nzima kwa aibu. Fikihi sijui inaiitaje hiyo.

Baada ya Gundagai jua lilitoka na nchi ikaanza kukauka. Malisho ya kijani yakawa ya manjano, ya manjano yakawa ya rangi ya mkate. Koti likavuliwa. Mchana tulipopita Narrandera kipimo cha kwenye dashibodi kilisoma nyuzi thelathini na sita, na mabua ya ngano yaliyovunwa yalisimama mashambani kama ndevu za siku tatu. Asubuhi ileile tulikuwa tumeloa, tukagandishwa, na sasa tulikuwa tunakaangwa. Ningekuwa mwalimu, ningewaleta wanafunzi wangu kwenye barabara hiyo siku hiyo na kufunga kitabu.

Kisha ardhi ikalala. Asiyepita uwanda wa Hay hawezi kusadiki namna inavyolala. Hapana kilima, hapana mti wa kuitwa mti, barabara imenyooka mpaka inayeyuka mbele, na upepo wa pembeni unalisukuma gari kama mtu anayetaka kupita foleni. Mama mdogo alitazama dirishani muda mrefu.

"Nchi yote hii," akasema, "nani anaifagia?"

"Upepo."

"Haujui kufagia. Tazama vumbi lote lile."

Kweli, upande wa magharibi pazia la vumbi na mawingu lilikuwa limesimama, rangi ya kahawa yenye maziwa. Jua liliingia nyuma yake alasiri, na hatukuliona tena. Mwanga ukawa wa jioni kabla ya jioni. Simu yangu ilikuwa imepoteza mtandao tangu kitambo. Kwa njaa, nilikuwa naitazama saa kila dakika.

Mfukoni nilikuwa na ratiba ya Ramadhani. Ni ile karatasi ya kung'aa ambayo muuza nyama wa Auburn huwapa wateja wake kila mwaka, picha ya msikiti juu, bei za kondoo chini, na katikati saa za daku na futari siku kwa siku. Nilikuwa nimefuturu kwa karatasi za duka lile miaka mingi na hazijawahi kunidanganya. Saa moja na robo na dakika yake moja, ilisema. Nikaegesha kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara, penye meza moja ya zege na pipa la taka. Nikatandika leso, nikatoa tende, maji, sambusa alizokaanga usiku uliotangulia.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia."

"Una hakika? Sioni kitu."

"Mama mdogo, ratiba hii hapa."

Akasoma dua, akala tende moja, akanywa maji bilauri nzima, macho amefumba. Mimi nilikuwa kwenye sambusa ya tatu wakati kivuli cha gari kilipotokea ardhini. Hakikuwepo, mara kikawepo, kirefu, kimenyooka kuelekea Sydney. Nikageuka. Chini ya ukingo wa lile pazia la mawingu, jua lilikuwa limechungulia, zima, jekundu, bado lina nafasi ya kutosha kati yake na ardhi.

Mama mdogo naye akageuka. Akaitoa kokwa ya tende mdomoni, akaishika kiganjani.

"Lile ni nini?"

"Jua."

"Naliona. Nauliza linafanya nini pale."

Hapo somo la kwanza kabisa la jiografia likanirudia, lile wanalofundishwa watoto kabla hawajaota meno ya utu uzima. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Tangu alfajiri tulikuwa tumekwenda magharibi kiasi cha nyuzi sita, saa za mkononi zikibaki zilezile kwa kuwa jimbo ni lilelile, na jua la Hay lilikuwa halijapata habari za muuza nyama wa Auburn. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri hata, kwa kutumia ndimu moja na taa ya simu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulisomeshwa."

"Nilisomeshwa, mama mdogo."

"Na ukanipa tende."

Nilisubiri anitukane. Ningefarijika. Badala yake alikaa palepale kwenye benchi la zege, kokwa mkononi, uso wake mwekundu kwa lile jua, na machozi yakaanza kumtoka kimyakimya. Nikasema nadhiri haivunjiki kwa bahati mbaya, kwamba atailipa siku, kwamba dhambi ni yangu. Akatikisa kichwa.

"Si siku," akasema. "Siku nitailipa. Unajua nilimwambia nini siku ile? Nilimwambia, huna mama. Nikakata. Ndiyo maana nilitaka nifike na kitu. Nimwambie nimekujia kwa njaa na kiu, nchi nzima. Sasa nitamfikia na nini? Na sambusa?"

Tukakaa mpaka jua likazama. Tulilitazama likizama wote wawili, safari hii kwa makini, kama watu wanaomsindikiza mgeni asiyeaminika mpaka getini.

Mji wa Hay haukuwa mbali. Tulipoingia, simu yangu ikaanza kulia mlio wa ujumbe baada ya ujumbe, mtandao umerudi. Niliegesha mbele ya moteli. Mama mdogo hakushuka.

"Nipigie," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Sina nadhiri tena mkononi. Bora nimuulize kabla sijamfikia."

Nilipiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje, nikaiegemeza kwenye dashibodi. Iliita mara nyingi.

"Halo, kaka?" Ilikuwa sauti yake, nzito kidogo, ya mtu aliyekuwa amelala.

"Ni mimi," akasema mama mdogo.

Nilisikia televisheni upande wa pili, kisha nikasikia imezimwa.

"Nimekula mchana," mama mdogo akaendelea, haraka, kama mtoto anayejisemea kabla hajasemewa. "Nilikuwa nimefunga, nimekula na jua lipo. Limenikodolea macho."

"Nani kakulisha?"

"Kaka yako huyu. Mwenye digrii ya ramani."

Ukaja mlio ambao kwanza nilidhani ni kilio, nikajiandaa. Kilikuwa kicheko. Kilianza puani, kikampasuka, akacheka mpaka akasema "uwii, tumbo langu".

"Kaka! Umemfuturisha mama jua linawaka?"

"Kulikuwa na mawingu," nikasema.

"Huyu huyu aliyekuwa anatusimanga kwa kutojua mji mkuu wa Bulgaria?"

Mama mdogo hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akainamia simu kama anayezungumza na mtu aliye kisimani.

"Mimi nipo Hay," akasema. "Nilikuwa nakuja kwako. Sikukuuliza, ndiyo nakuuliza. Nije, nisije?"

Lori la ng'ombe lilipita likamaliza kupita. Mimi nilisoma bango la moteli herufi kwa herufi.

"Mama," binti akasema mwishoni, na sauti ilikuwa imebadilika. "Huku usiku kuna baridi siku hizi. Umekuja na sweta?"

"Sina."

"Umekuja na nini basi?"

"Kandambili."

"Mungu wangu. Haya. Nitakutolea la kwangu. Halinienei tena hata hivyo."

Asubuhi tulikwenda polepole. Mama mdogo alikula daku kama mtu mwenye safari, akanuia, akafunga tena, safari hii bila nadhiri. Mildura kulikuwa na joto kavu na mizabibu pande zote. Mpakani mwa South Australia kuna kituo cha ukaguzi ambako matunda mabichi hayaruhusiwi kupita, kwa kuhofia nzi wanaoharibu mashamba. Mkaguzi, mama mmoja mwenye kofia pana, aliomba kwa upole aone kikapu, akazitoa ndimu moja moja. Mimi msomi nilikuwa nimepita mabango matatu ya onyo nikiyasoma kwa sauti.

"Nchi si moja?" mama mdogo akauliza.

"Ni moja."

"Mimi nimevuka bahari hawakunitupa. Ndimu inatupwa."

Tulifika alasiri. Anga la Adelaide lilikuwa safi, jepesi, na kwenye mtaa wao ile miti ya Ulaya ilikuwa imeanza kugeuka rangi kwenye ncha. Binti alikuwa amesimama mlangoni tayari, tumbo limetangulia, sweta begani. Hawakukumbatiana. Mama mdogo akavua kandambili mlangoni, akamtazama binti miguu, akasema, "Umevimba. Nani anakuruhusu kusimama?" Binti akasema, "Shikamoo, mama." Mama mdogo akasema, "Marahaba. Jiko liko wapi?" Wakaingia ndani, sauti ya mmoja ikimkaripia mwingine kuhusu chumvi.

Tulibaki nje wanaume wawili. Mkwe alikuwa mrefu, mpole, bado amevaa sare ya kazini. "Shemeji," akasema, "mulitembea muzuri?"

"Vizuri. Nilikosea kidogo njiani."

"Bibi yangu alinielezea. Alicheka usiku yote." Akatazama mlango. "Ilikuwa siku mingi hajacheka."

Mtoto alizaliwa kabla ya Idi, wa kike. Mimi nilikuwa nimesharudi Sydney, peke yangu, kwa njia ileile, nikipita joto, uwanda, ukungu na mvua kwa mpangilio wa kinyume, na nikifuturu kwa kutazama jua.

Makubaliano yalikuwa nikamchukue arubaini ikiisha. Siku ya thelathini na nane alinipigia.

"Usije," akasema. "Huyu mkwe anaamka usiku kumbeba mtoto, halafu anakwenda kazini. Nikiondoka atanifia. Na sombe anayopika, kisamvu chao kile, mwanangu, inataka msimamizi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lini nini?" akasema, na mtoto akalia, na akakata.

Kufikia Juni nilijua jibu. Nilikwenda Guildford siku ya Jumamosi kuihamisha fleti. Nilifunga sufuria kwenye magazeti, nikakunja mapazia, nikaushusha chini ule mndimu wa kwenye kopo ambao hata serikali ilikuwa imekataza usimfuate mwenyewe. Jirani wa chini, bibi wa Kilebanoni ambaye kwa miaka yote alikuwa akibadilishana sahani na mama mdogo bila kuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu, alitoka akasimama mlangoni pake.

"Mama yako yuko wapi? Karudi Afrika?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuchonga.

"Hapana. Yuko Adelaide, kwa binti yake."

"Yule binti?"

Kumbe hata yeye alikuwa anajua. "Yule," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Atarudi?"

"Hapana."

Akayatazama maboksi, akanitazama mimi. Ilikuwa yapata saa saba mchana.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Nikasema nimekula. Hakunisadiki. Aliingia ndani, na nikasikia kabati la vyombo likifunguliwa.